Sijui ya Baba

Kwetu Kitahana, mtu akitaka kujua kama ng'ombe anayeuzwa ni mzima, au kama kijana aliyeleta posa atamtunza binti, hatoki kwenda kuchunguza mwenyewe. Atachunguza nini, na kwa siku ngapi? Anatafuta mtu wa kumuuliza. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa baba yangu. Baba alipofariki watu wakaamua, bila kunishirikisha, kwamba sasa ni mimi.

Baba alikuwa bwana mifugo wa serikali. Alizunguka vijiji vya Kibondo mpaka vile vinavyopakana na Kasulu, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki ya ofisi iliyokuwa ikizimika kila penye mlima, na kwetu milima haiishi. Wageni wengine huingia kwa mtu kwa mlango wa mbele, wakapewa kiti na kuonyeshwa kile ambacho mwenye nyumba amependa kionekane. Baba aliingia kwa nyuma, zizini, asubuhi, watu hawajanawa uso. Alijua nani ana ndama waliokonda ilhali yeye kitambi kinamtangulia. Alijua nani humfokea mke mbele ya mgeni, na nani mkewe hunyamaza ghafla akisikia hatua zake. Akirudi nyumbani hakusema kitu. Mama alimchokoza kila siku apate umbea kidogo wa kushushia ugali, akaambulia habari za kupe na chanjo.

Walipokuja kumuuliza, alijibu, ila kwa namna yake. Mtu akiwa mwema, baba alimsifu kwa Kiha, lugha ya kwetu, taratibu, na mifano juu. Akiwa hamjui, alisema kwa Kiha hicho hicho kwamba hamjui, akawaelekeza kwa mwingine. Lakini akiwa anamjua, na anachokijua hakisemeki, alikaa kidogo, akakohoa, akakiacha Kiha na kuhamia Kiswahili, lugha ya ofisini. "Sijui," alisema. Basi, hakuongeza. Wageni walimaliza uji wao, wakashukuru, wakaenda zao wakiwa wamekwisha kuamua. Posa ilivunjika, ng'ombe hakununuliwa, na hakuna mtu aliyeweza kusimama mahali akadai kwamba bwana mifugo amemchafulia jina.

Haya nayaeleza leo kama mtu aliyeyajua siku zote. Sikuyajua. Watoto hatukuruhusiwa kukaa kwenye mazungumzo yale, tulifukuzwa tukaangalie mbuzi. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kumsoma baba yangu, isipokuwa sisi tuliokula naye sahani moja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasulu mjini, na somo langu, cheka ukipenda, ni Kiswahili. Nimeolewa na mtu wa Tanga aliyeletwa huku na ajira ya halmashauri, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili kinaanza asubuhi na kuisha tukilala. Kiha changu kimebaki cha kusalimia wazee na kukemea kuku. Ndugu wakija kutoka Kitahana, wao wanasema Kiha, mimi najibu kwa Kiswahili, na mambo yanakwenda. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna hasara ndani yake.

Jumamosi moja walikuja baba mdogo na kaka yake. Namwita baba mdogo ingawa hatukuchangia damu. Alikuwa jirani na rafiki wa baba, na mimi nilipougua surua utotoni ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati. Walikuja na maharage na mkungu wa ndizi, wakakaa kwenye makochi bila kuegemea. Nikajua kuna neno.

"Kuna kijana ameleta posa kwa mdogo wako," baba mdogo alisema. Alikuwa na maana ya binti yake wa mwisho, yule aliyemaliza kidato cha nne akajifunza ushonaji. "Ni wa Heru Juu, fundi wa sola. Alikuja kufunga sola pale zahanati, wakaonana huko. Sasa sisi Heru Juu hatuna mtu. Wewe ni hapo mlangoni kwako. Ni mtu wa namna gani?"

Nilijitahidi kukumbuka. Niliwahi kumwona kijana fulani juu ya paa la jirani na vifaa vyake, labda ni yeye, labda siye. Wiki ile nilikuwa na mafua, na vumbi la chaki lilikuwa limenikaa kooni. Nikakohoa.

"Sijui," nikasema.

Wakatazamana. Kaka yake akaweka kikombe mezani. Nilisubiri waniulize nani anaweza kujua, maana nilikuwa tayari kuwapeleka kwa mwalimu mwenzangu aliyekulia Heru Juu. Hawakuuliza. Baba mdogo alinishukuru kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, wakaaga. Nasema kweli, nilifurahi kwamba hawakukaa sana, kwa sababu nilikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, binti akanipigia simu. Hakunisalimia.

"Dada, kijana wa watu amekukosea nini?"

"Kijana gani?"

"Baba amerudisha posa. Anasema wewe umemkataa."

"Mimi? Mimi sikusema kitu, mdogo wangu. Nimesema sijui."

"Si ndiyo hiyo," akasema, na hapo akaanza kulia. "Umesema sijui."

Ilibidi yeye, mtoto niliyemwona akizaliwa, anieleze huku akivuta kamasi mambo ya baba yangu mwenyewe: Kiha kwa wema na kwa wasiojulikana, Kiswahili kwa wale wa kukimbiwa. Alikuwa ameyasikia kwa mama yake, na mama yake aliyasikia kisimani, ambako kila mwanamke wa Kitahana anayajua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya madarasa, simu sikioni, watoto wanacheza rede mbele yangu. Jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa sarufi. Laiti ningesema simjui. Ile m moja ya mtendwa, ninayowaumiza nayo watoto wa darasa la sita kila mwaka, ingetosha kunitoa. Ningesema simjui, wangeenda kumuuliza mwingine. Nimesema sijui, na binti amekosa mume anayemtaka.

Nilipomsimulia mume wangu alicheka, kisha akaona sicheki. "Lakini kwetu Tanga," akasema, "sijui ni sijui." Nikamwambia basi wangekwenda kuuliza Tanga. Hakustahili jibu hilo, ila sikuwa na mwingine wa kumjibu.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kukaa. Nilimkasirikia baba, kwa kutunza siri za wilaya nzima na kuniachia mimi ufunguo bila kuniambia ni wa mlango gani. Nikamkasirikia baba mdogo, mtu mzima na akili zake, anayeamua maisha ya mwanawe kwa kikohozi changu. Halafu nikijitazama na mimi naona ni yale yale. Hospitalini nakaa kwenye foleni ndefu kuliko zote, kwa sababu kama watu ni wengi basi daktari yule ndiye anayejua. Sokoni nanunua dagaa kwa mama mmoja tu kwa kuwa walimu wenzangu wananunua kwake, na sijawahi kumuuliza hata mmoja wao alianza vipi. Siwezi kujifanya kwamba mimi naishi kwa macho yangu.

Likizo ilipofika nilikwenda Kitahana kuyasawazisha. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya Kiha, midomo inacheza, mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama nasali. Nilitaka kusema jambo moja na kulisema sawasawa, kwa lugha ambayo baba aliitumia kusema ukweli: kwamba simjui yule kijana, si kwa wema wala kwa ubaya, na kwamba jibu langu lilikuwa tupu.

Baba mdogo alinipokea vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, akiitikia "eego, eego" kila nilipopumua. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma.

"Umeanza kujuta," akasema.

"Sijuti, baba. Sikusema kitu cha kujutia. Namaanisha simjui."

"Tumeelewa, mwanangu. Una moyo kama wa marehemu. Yeye naye ikimuuma kwamba amemharibia mtu, alikuwa akirudi baadaye kupoza. Usiwe na wasiwasi, hatutamtajia mtu jina lako."

Kiha changu cha kujikongoja, nilichokipika njia nzima, kimesikika kama kifuniko cha jambo ninalolificha. Nikamwambia basi aachane na mimi, atume mtu Heru Juu akaulize majirani, au amuulize binti mwenyewe, si ndiye aliyeongea na kijana? Akasema binti anajua nini, binti anapenda. Na Heru Juu wamekwisha kutuma mtu. "Huko nako wamesema yale yale uliyosema wewe." Alisema hivyo kwa kuridhika, maana kwake ushahidi ulikuwa umetimia.

Nilirudi Kasulu nikijiuliza. Yale yale niliyosema mimi? Mimi sikusema kitu, sasa hao walisema nini? Nikafikiri labda kuna jambo kweli. Labda kijana ni mwizi wa betri, ana mke wa siri, hupiga watu, na mimi kwa bahati nimemwokoa mtoto. Nilitamani iwe hivyo. Ni aibu kuandika, lakini nilimtakia mtu nisiyemjua awe mbaya ili mimi nipumue.

Nikachukua bodaboda mpaka Heru Juu. Pale njia panda kuna mama anauza vocha na unga wa muhogo, mtu anayeona kila anayepita. Nilimsalimia, nikanunua unga, nikazunguka maneno kidogo, kisha nikataja fundi wa sola. Akasogea karibu.

"Sisi hapa tulimwona ni kijana mzuri," akasema. "Sola ya kwangu amefunga yeye, mpaka leo inawaka. Lakini tumesikia alikwenda kuposa huko Kibondo, wakamkataa. Kuna mwalimu mmoja hapo mjini, mtoto wa mtu mkubwa wa mifugo, aliulizwa akakataa kumsemea."

"Huyo mwalimu anamjuaje?"

"Atakuwa anajua. Mtoto wa mtu kama yule hawezi kukataa bure."

"Je, kama hajui tu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kama hajui si angesema?"

Nilisimama pale na mfuko wangu wa unga. Nimetoka mjini kuja kutafuta habari, na habari niliyoikuta ni mimi. Mama yule alikuwa na sola inayowaka juu ya kichwa chake, kazi ya mikono ya kijana, na bado alikuwa ameiweka pembeni akashika neno la mwalimu asiyemfahamu kwa sura. Kila nitakayemuuliza pale ataniuzia neno langu mwenyewe. Hata kama kijana alikuwa na kasoro ya kweli, nisingeweza tena kuitofautisha na ile niliyomtengenezea.

Nikaenda kwenye kibanda cha yule fundi. Alikuwa amekaa na betri tatu nne ambazo hazikuwa na mwenyewe anayesubiri. Nilipojitambulisha alisimama, akafuta kiti kwa shati lake.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu. Nilikuwa nataka kuja kwako, nikaogopa."

"Kuja kufanya nini?"

"Kukuuliza uliniona wapi. Nimejifikiria sana. Nikasema labda kuna nyumba nilifunga sola vibaya, au kuna siku nilikupita njiani bila salamu."

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia hatujawahi kukutana. Alitikisa kichwa polepole, kwa adabu, na sikuona uso wake ukiniamini. Alizungumza vizuri, alikaa vizuri, hakupandisha sauti. Lakini ni nani asingekaa vizuri mbele ya mtu anayeshika maisha yake? Nilimtazama kwa bidii, kama baba alivyotazama zizi, na nilichokiona ni kijana anayemwogopa mwalimu. Niliondoka bado simjui.

Binti alinipigia tena siku zilizofuata. Alikuwa ameacha kulia, sasa alikuwa anadai. "Sema tu kwamba ni mzuri, dada. Neno moja. Wewe ukisema baba anakubali kesho."

"Na akikupiga?"

"Akinipiga nimepigwa mimi."

"Na mimi nitakuwa nimesema ninachokijua?"

"Mara ya kwanza ulisema unachokijua," akajibu, "imetusaidia nini?"

Kusema ni mzuri ilikuwa kumpeleka mtoto wa watu kwa mtu nisiyemjua, kwa mhuri wa baba yangu. Kutosema ilikuwa kuuacha mhuri uleule juu ya jina la kijana. Nilizunguka humo wiki nzima, napika nikiwa humo, nafundisha nikiwa humo, mume wangu ananisemesha mara mbili ndipo naitika. Mwishowe nikasubiri, na kusubiri nako kukawa jibu. Kijana alifunga kibanda akaenda Kahama. Wateja walikuwa wamepungua, nikasikia. Watu hawampi betri zao mtu ambaye hasemewi.

Haikupita muda baba mdogo na kaka yake wakaja tena, na ndizi tena. Safari hii walikaa wameegemea. Kuna posa mpya, wakasema, ya mtu wa Nyakitonto, mfanyabiashara wa mahindi, mkubwa kidogo kwa umri, alifiwa na mke. Ana nyumba ya bati. Binti hajasema kitu.

"Hajasema kitu maana yake nini?" nikauliza.

"Ametulia," alisema baba mdogo. "Sasa tumeona tusifanye haraka. Tumekuja kwako kwanza. Ni mtu wa namna gani?"

Mtu wa Nyakitonto sikumjua kabisa. Nilikuwa nimejiapiza mbele ya Mungu kwamba sijui haitanitoka tena mdomoni mbele ya mtu wa Kitahana. Simjui niliitumia ikageuka majuto. Kiha nilikitumia kikageuka kifuniko. Ni mzuri, sikuweza. Ni mbaya, kwa sababu gani? Nilipekua maneno yote niliyonayo, mimi ninayelipwa kwa maneno, sikupata moja ambalo lingefika kwao likiwa vile lilivyotoka kwangu.

"Baba, msiniulize mimi," nikasema. "Muulizeni mwenyewe binti. Mkalisheni, mwambieni aseme."

"Tutamuuliza," akasema kwa upole. "Lakini tumeanza na wewe."

Basi nikanyamaza. Niliona hicho ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho hakina maana. Nikainuka, nikaleta chupa ya chai, nikawamiminia. Nilibana hata kikohozi. Baba mdogo alikunywa akinitazama juu ya kikombe, akasubiri, mimi nikatazama meza. Walikunywa chai yote. Kisha kaka yake akamgusa goti, wakainuka, wakavaa kofia, wakanishukuru. Safari hii sauti zao hazikuwa za msibani. Baba mdogo alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Walipotoka getini ndipo nilipoelewa kwamba nimejibu. Nikawafuata bila viatu mpaka barabarani, walikuwa wanaongea na mwenye bodaboda.

"Baba, mimi sikusema neno," nikamwambia. "Sikia vizuri. Sikusema neno lolote."

"Ndiyo, mwanangu," baba mdogo alisema, anatabasamu, machozi yako karibu. "Tumesubiri mpaka chai ikaisha, na lile neno hukulisema. Mungu akubariki."

Wakapanda pikipiki, wakaenda kumwambia binti.